Viatu vya Mama Ngurumo

Mama yangu ni stika. Aliingia kwenye kundi letu la kazini la simu asubuhi moja, baada ya mkubwa wetu kuuliza nani atachelewa mkutanoni. Kevo wa mauzo hakujibu kwa maneno. Alituma picha ya mwanamke mnene kiasi anayening'inia hewani, joho la rangi ya damu ya mzee mgongoni, mikono imenyooshwa mbele kama ya mtu anayesukuma mlango mzito, mdomo wazi. Kamba ya manila ya buluu inatoka kiunoni mwake na kupotelea juu, wala hakuna aliyejaribu kuificha. Miguuni ana viatu vya plastiki vya kijani, vimejaa matope. Chini yake kumeandikwa: NIKO NJIANI.

Ofisi yetu iko Kileleshwa, katika nyumba iliyokuwa ya kupangisha familia, kwa hiyo tunakaa watu wote katika chumba ambacho zamani kilikuwa sebule, na mtu akicheka kila mmoja anajua anachekea nini. Siku hiyo walicheka wote.

"Aki huyu mathe!" Achieng' wa mapokezi alisema, akifuta macho. "Mmemwona miguu? Mmemwona miguu lakini?"

"Hizo ni zile sinema za kitambo za Ngara," Kevo akasema. "Nasikia iko nzima kwa mtandao. Sehemu ya pili. Watu wanaitazama wakicheka mpaka wanashika tumbo."

Niligeuza simu kifudifudi juu ya meza, kama mtu anayefunika sufuria. Mimi na mama tuna paji moja la uso na mwanya mmoja. Hakuna aliyeniangalia.

Wakati huo wa sinema tulikuwa tunaishi mtaa wa Satellite, nyumba ya chini katika jengo la ghorofa nne, mama na mimi. Mama alifanya kazi Ngara, katika duka la mapazia la mama mmoja Mhindi aliyejulikana na kila mtu kama Mama Hansa. Juu ya duka kulikuwa na studio ya Ndirangu. Ndirangu alipiga picha za pasipoti, na mwisho wa wiki alichukua video za harusi na mazishi. Katikati ya wiki kamera yake ilikaa bure, na kamera inayokaa bure ilimuumiza kama jino. Ndipo akaanza kutengeneza sinema. Waigizaji wake wote walijua sheria: Jumamosi hakuna kuigiza, Jumamosi kuna bibi harusi.

Alimpata mama kwa sababu ya mwizi. Kijana alinyakua jora la lesi dukani akakimbia. Mama akamfuata huku akipiga kelele iliyowafanya watu wa barabara nzima kusimama, kisha akarudi na jora begani, akihema, lesi ikiburura nyuma yake kama mkia. Ndirangu alikuwa kwenye roshani, kikombe cha chai mkononi.

"Mama Shiku," alimwita kutoka juu, "wewe ni sinema."

"Na wewe ni mvivu," mama akamjibu. "Ungeshuka unisaidie."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mama Ngurumo, mjane anayepigwa na radi akianua nguo, na ambaye tangu siku hiyo anaruka angani kuwatandika wanyakuzi wa ardhi. Joho lilitoka dukani. Mama Hansa alitoa pazia la satini lililokuwa na doa, lenye nyuzi za dhahabu pembeni, akasema, "Chukua, Mama Shiku. Mteja hataki doa. Lakini mbio za angani, nani ataona doa?"

Sehemu ya kwanza ilipendwa. Haikuonyeshwa kwenye televisheni, lakini iliuzwa kwa diski pale Ngara na ikawa inachezwa kwenye vinyozi na mabucha kote Satellite. Muuza nyama alituongezea mfupa, akisema huo ni wa Ngurumo. Mlinzi wa geti letu, Baba Otis, alimpigia mama saluti kila asubuhi. Shuleni niliitwa mtoto wa Ngurumo, na nilitembea kama mtoto wa Ngurumo.

Lazima nieleze kwamba niliamini. Sinema ile ilichukuliwa nikiwa shuleni, kwa hiyo sikuona namna ilivyofanywa. Nilichokiona ni kioo cha televisheni: mama amesimama uani, anatazama juu, kisha yuko juu ya ukuta. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba aliruka kutoka ukutani kwenye godoro, halafu Ndirangu akaicheza picha kinyumenyume. Wakati ule nilimwuliza akimenya viazi.

"Mama, uliruka kweli?"

Hakuinua kichwa. "Ukiniona chini, ujue nimepumzika."

Nililichukua neno hilo kama taarifa. Halafu, kwa kuwa hata utotoni sikupenda kuamini jambo bila ushahidi, nilitafuta ushahidi, na nikaupata kwenye viatu. Satellite ya wakati ule mvua ikinyesha ilikuwa tope jekundu kutoka kituo cha magari mpaka mlangoni. Kina mama wengine wa jengo letu walirudi kazini na matope mpaka kwenye vifundo. Mama yangu aliingia nyumbani jioni na viatu vyake vyeusi vya kazini vikiwa safi, siku zote, hata mvua iwe imepiga tangu asubuhi. Nilivikagua. Nilivigeuza nikatazama soli. Nikahitimisha, kwa utulivu kabisa, kwamba mama anatoka Ngara kwa hewa na kutua getini.

Ushahidi huo niliupeleka shuleni. Brayan, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa mbishi.

"Hiyo ni kamba," alisema. "Sinema zote ni kamba."

"Mama hana kamba."

"Basi ni kamba ndogo."

"Njoo uangalie viatu vyake siku ya mvua," nikamwambia. Wengine wakaniamini mimi, na mwishowe hata yeye akaacha kubisha.

Sehemu ya pili ilikuja na matumaini makubwa kuliko mfuko wa Ndirangu. Jina lake lilikuwa *Mama Ngurumo Anarudi*. Safari hii adui alikuwa Bwana Kiangazi, tajiri anayefunga mifereji ya maji ya mtaa mzima, na aliigizwa na mshereheshaji wa harusi ambaye hakuweza kusema sentensi bila kuinua kidole gumba. Mama sasa angeruka kweli, mbele ya kamera, kutoka kwenye jengo lililokuwa likijengwa jirani yetu. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mama aliliongea kwa sauti ya chini akiwa jikoni na shoga yake: mtu wa televisheni angekuja kutazama. Akiipenda, kulikuwa na nafasi katika mchezo wa kila wiki. Mama angeacha kupima madirisha ya watu. Alisema hivyo, kisha akagonga meza ya mbao kwa kifundo cha kidole kama anayeomba bahati, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya tena.

Wiki waliyochukua picha ya kuruka, mama alirudi na mchubuko kiunoni, mwekundu na mpana kama mshipi. Alijipaka dawa ya kuchua yenye harufu kali iliyojaa chumba. Nilimsaidia kushika blauzi. Sikumwuliza lolote. Nilijua ni Bwana Kiangazi.

Sinema ilionyeshwa Jumapili mchana katika ukumbi wa kanisa. Mapazia yalifungwa, shuka jeupe likatundikwa ukutani, projekta ikawekwa juu ya viti viwili vilivyopandanishwa. Watoto tulikaa mkekani mbele. Brayan alikuwa kushoto kwangu. Nyuma yetu, kwenye kiti cha pekee chenye mto, alikaa mtu wa televisheni na soda yake, kijana mwenye koti la ngozi, na kando yake mama, suti ya kanisani ya buluu, mkoba mapajani, mgongo wima.

Kicheko cha kwanza kilikuwa kidogo. Bwana Kiangazi aliinua kidole gumba. Cha pili kilikuwa kikubwa zaidi: Ndirangu alizoea harusi, na kila tukio lilipobadilika aliweka yale mapambo yake ya harusi, kwa hiyo Mama Ngurumo alipomkunja adui shingo, picha iligeuka moyo mwekundu, ukazunguka, ukapasuka maua ya waridi. Mwanamke mmoja wa kwaya akapiga kigelegele kana kwamba bibi harusi ameingia. Ukumbi ukaangua kicheko. Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa anatazama mbele tu.

Halafu ikaja ile picha. Ngurumo ya kinanda, taa zinawaka na kuzima, na mama anatokea juu kabisa ya shuka, akielea.

Kamba ilikuwa nene. Nadhani hilo ndilo lililoniuma kwanza, unene wake. Ilikuwa ile ile ya buluu ambayo mafundi wa jengo la jirani walipandishia ndoo za zege. Ilimshika kiunoni, mahali pale pale nilipomwona na mchubuko, na yeye akawa anazunguka polepole, kama nguo iliyosahaulika kwenye waya, huku joho limemfunika nusu ya uso. Ndirangu, kwa kutaka kutuonyesha kwamba kweli yuko juu, alishusha kamera taratibu kutoka kichwani mpaka miguuni, akaiacha hapo.

Viatu vya plastiki. Vya kijani. Vina matope mekundu ya Satellite, na tone moja likadondoka mbele ya macho ya watu wote.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilikuwa na kelele za miguu ndani yake, watu walikanyaga sakafu. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na jozi ya viatu vile nyuma ya mlango. Mzee mmoja akasimama kabisa akapaza sauti: "Hata Ngurumo anakanyaga matope yetu!" Wakapiga makofi.

Brayan alinisogelea sikioni. Hakuwa na ubaya, hilo ndilo lililokuwa gumu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Si ulisema viatu vyake ni visafi?"

Kwa mara ya kwanza nilielewa namna mama alivyofika nyumbani, nikaelewa yote kwa mpigo, kana kwamba mtu amenisomea. Alitembea matopeni kama wengine. Alivaa viatu vya plastiki kituoni, akaja navyo mpaka getini, akavisuuza kwenye mfereji wa Baba Otis, akaviacha nyuma ya kibanda chake, akavaa vyeusi, ndipo akagonga mlango. Hapakuwa na hewa yoyote. Palikuwa na mfereji. Na mimi nilikuwa nimewatangazia watoto wa darasa zima. Niliona aibu kwa ajili yangu, halafu kwa ajili yake, na sikujua ipi inaanzia wapi. Nilivuta sketi nikafunika magoti na kutazama mkeka mpaka taa zilipowashwa.

Mtu wa televisheni alikuwa anafuta machozi kwa leso. Watu walikuwa wanatoka, lakini mimi nilibaki karibu na projekta, na nikasikia kila neno.

"Mama, nimecheka mpaka mbavu zinauma," alisema. "Hiyo ya viatu! Hiyo ni akili ya nani?"

Mama alimtazama kwa muda. Ndirangu alikuwa anakunja waya, na mikono yake ikasimama.

"Imekuchekesha?" mama akauliza.

"Sana! Lakini niambie ukweli. Ulijua kwamba ni vichekesho, ama ulikuwa siriasi?"

"Kwani wewe ulidhani ni nini?" mama akasema, kwa sauti kubwa, na akacheka. Kilikuwa kicheko cha dukani, kile anachowachekea wateja wanaoomba kupunguziwa bei.

"Basi nakutaka," kijana akasema. "Tuna kipindi cha kuchekesha. Njoo na hivyo viatu, usisahau. Nipigie."

Nje kulikuwa na tope. Mama alisimama mlangoni mwa ukumbi, akafungua mkoba, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake vile viatu vya kijani. Akainama akavivaa hapo hapo, mbele ya kwaya, mbele ya Brayan, mbele yangu. Sijui kwa nini alivibeba siku hiyo kama hakukusudia vionekane. Sijui pia angetembeaje bila hivyo.

"Ngurumo! Ruka basi!" mtu akamwita kutoka ng'ambo ya njia.

Mama akanyoosha mikono mbele, ngumi zimefumbwa, akaenda hatua kadhaa hivyo katikati ya matope, na kundi zima likashangilia. Mimi nilikuwa nyuma, mbali kidogo, kama mtoto wa mtu mwingine. Niliona mgongo wake, suti ya buluu, visigino vya kijani vikinyanyuka na kushuka. Uso wake sikuuona. Nimejaribu sana kuukumbuka, lakini hauwezi kukumbukwa kwa sababu sikuwahi kuuona.

Alipofika getini hakuvisuuza. Aliingia navyo mpaka ndani, akaviacha mlangoni, na tangu siku ile vilikaa hapo, na ndani ya nyumba yetu pakawa na harufu ya plastiki iliyolowa kama nyumba nyingine zote.

Hakumpigia yule kijana. Yeye ndiye aliyepiga, na mimi ndiye niliyepokea. Mama alikuwa mezani na chaki, akikata kitambaa cha mtu wa Kileleshwa.

"Mama, ni yule wa televisheni."

"Mwambie sipo."

"Lakini upo."

"Shiku. Mwambie sipo."

Nikamwambia hayupo. Alipiga tena mara nyingine, kisha akaacha. Ndirangu hakutengeneza sehemu ya tatu. Joho lilirudi kuwa pazia. Mama alilitundika kwenye dirisha la sebule, nyuzi za dhahabu zikitazama ndani, na mchana jua likipita chumba kilikuwa chekundu, na sisi tukiwa ndani yake tunakula. Hakuna aliyelitaja. Shuleni niliomba kubadilishiwa dawati.

Kazi yangu ya sasa ni kuuliza watu maswali na kuandika majibu, na swali la kama mama alijua anachekesha nimeliuliza panapostahili. Ndirangu bado yuko Ngara, studio ile ile, ingawa sasa harusi anawaachia vijana. Nilipanda ngazi zake nikamwuliza kuhusu viatu.

"Nilimwambia avue," alisema bila kufikiri. "Nilikuwa na viatu vya dhahabu nimevikodi, viko hapo chini kwenye boksi. Akakataa. Akaniambia, Ndirangu, wacha hivi. Mimi nani nibishane na mama yako?"

"Kwa nini alikataa?"

"Alikuwa ameshafungwa kamba, ameshainuliwa. Pengine aliogopa kushuka apandishwe tena. Pengine alikuwa na yake. Mwulize."

Nilikuwa nimemwuliza. Mama alisema Ndirangu alisahau kumwambia, na kwamba viatu vya dhahabu hakuwahi kuviona. Alisema hivyo akikunja nguo, akakunja ile ile mara mbili.

Basi mambo ni mawili na hayapatani. Kama alijua, na viatu vile aliviacha makusudi ili mtaa wake ucheke, kwa nini aliikataa kazi ya kuchekesha alipoletewa? Na kama hakujua, kama alipanda juu ya lile jengo akiwa na moyo wa shujaa na akaketi kwenye kiti kile kusubiri watu walie, basi mdomo ule ulio wazi kwenye stika ni mdomo wa mtu anayeumia kiunoni, na ninafanya kazi na watu wanaoutuma kila wakichelewa.

Jumamosi baada ya stika ile kuingia kazini nilikwenda Satellite kumwambia mama habari yake mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine. Njiani nilipanga maneno. Ningeanza kwa kusema kwamba siku hizi watu wanapenda vitu vya zamani. Ningesema ni mapenzi. Barabara ya kwetu ina lami sasa, na nilifika getini bila doa kwenye kiatu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikamtumia ujumbe: Mama, uko wapi? Nimefika.

Simu ikalia mkononi. Joho, kamba, viatu vya kijani. NIKO NJIANI.

Nilisimama hapo na stika ile, na maneno yote niliyoyapanga yakawa hayana kazi. Sijui aliipata kwa nani, wala tangu lini, wala ni wangapi wa chama chake cha akina mama aliowatumia.

Alitokea kwenye kona na mfuko wa sukuma wiki, anatembea polepole kwa sababu ya goti, viatu vyeusi, safi. Alinipa shavu nikambusu. Akatafuta ufunguo mkobani, akaupata, kisha akaacha kuufungua mlango akanigeukia.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

"Imekuchekesha?"

Alikuwa ananitazama sawasawa na alivyomtazama yule kijana wa koti la ngozi, kwa muda, bila kunisaidia. Safari hii uso wake niliuona wote, mwanya, paji, makunyanzi ya pembeni ya macho, na bado sikujua ananiuliza nini. Nilimpokea mfuko nikasema jua ni kali, tuingie.

Tuliingia, tukapika, tukala. Swali hilo sijalijibu, na mama hajaniuliza tena.